Kaniki ya Siku ya Matone

Mke mwenzangu Zainabu,

Ukifika huko Mbeya kwenye chuo chako cha ualimu ukafungua begi, chini kabisa, chini ya lile sweta, utakuta kaniki yangu ya kazini. Usipige kelele. Najua utasema bibi kachanganyikiwa, kanitilia tambara la madoa katikati ya nguo mpya. Nimeifua mara mbili. Madoa ya dawa ya viatu hayatoki wala hayatatoka, yamekuzidi umri. Usiitupe na usiifanye tambara la deki. Kazi yake nitakwambia huko mbele, ukisoma kwa utulivu, siyo kama unavyosomaga meseji zako, jicho kwenye simu na mdomo unatafuna.

Wenzangu barua za namna hii huandika usiku, mtoto kalala. Mie usiku mstari siuoni. Nimengoja uende Madale kuwaaga hao mashoga zako, nikavuta mkeka hapa barazani jua likiwa bado lipo, nikaomba kalamu nene kwa Mama Neema wa jirani. Mwandiko ni wa darasa la tatu. Ndipo nilipoishia, na sikuishia kwa ujinga. Baba yangu aliona mtoto wa kike akijua kuandika jina lake inatosha. Kwa hiyo usicheke. Na unajua kwamba wewe kwa damu ni mjukuu, lakini mama yako Halima alipoolewa tena Lindi, aliyekulea ni mie. Kwa hiyo nakuandikia kama mwanangu, na kukugombeza nitakugombeza kama mwanangu.

Habari za kula kwa saa, kuchoma sindano, kulala mapema, sikwambii. Hayo unayajua kunishinda. Dawa yako unajua kuitunza kwenye mtungi wa udongo umeme ukikatika, kuliko mie ninavyotunza mbegu za kunde. Nataka kusema nawe jambo moja tu, la macho. Ushaanza kugeuza shingo, nakuona.

Mwezi uliopita ulikuwa na siku yako ya kupima macho. Ulitoka hapa asubuhi umevaa vizuri, ukarudi mchana, nikakuuliza, "Wamesemaje?" Ukanijibu, "Wamesema mazima, bibi."

Hukwenda, Zainabu.

Nilijua siku ile ile na sikusema. Wewe unanijua, mie kunyamaza siwezi, hata msibani huwa nanyamazishwa. Lakini siku ile nilinyamaza, maana nilisikia sauti yako ikasema maneno yangu mwenyewe ya zamani, na nikaogopa. Nilijuaje? Ngoja. Kwanza nikwambie hayo maneno yangu niliyasema wapi.

Wewe umenikuta nazeeka. Hukunijua nilipokuwa na jina pale Mwenge kwa wachongaji. Wanaume walichonga, mie nilisugua. Msasa mkali kwanza, halafu msasa laini, halafu kipande cha kitambaa na dawa ya viatu, mpaka mpingo unang'aa kama mgongo wa mtoto aliyetoka kuogeshwa. Na kazi hiyo sikuifanya kwa kutazama. Nilikuwa nafumba macho. Mkwaruzo usioonekana hata juani, mie kidole changu kinaukuta. Mzee Nambole, mchongaji niliyefanya naye kazi miaka na miaka, alikuwa akiwaita wateja, "Njooni muone maajabu ya Umakondeni!" Ananipa kinyago cha ujamaa, kile cha watu waliopandana mabegani, mie nimefumba macho, ananiuliza, "Kina kasoro?" Napitisha kidole. "Hapa, chini ya kwapa la huyu wa tatu kutoka chini." Wanatazama, wanaikuta. Wanapiga makofi. Nilijiona mtu, usinichukie kwa hilo. Maisha hayakunipa makofi mengi.

Kisukari nilikuwa nacho tayari. Vidonge nilikuwa nameza, kliniki nilikuwa nakwenda, siyo kila mara, ila nilikwenda. Pale kulikuwa na nesi mmoja mpole, king'ang'anizi kama kupe. Kila nikifika, "Mama, ushapima macho?" Namjibu, "Macho yangu mazima." Siku moja akanishika mkono akanipeleka mbele ya ukuta wenye zile alama za E zinazotazama juu, chini na pembeni, wanazowapimia wasiojua kusoma. Hilo nalo liliniudhi, mie nasoma. Nikazionyesha zote, mpaka zile ndogo za chini. Nikamgeukia, "Umeona?"

"Nimeona, mama. Sasa nenda chumba kile ukawekwe matone, daktari atazame ndani."

"Mwanangu," nikamwambia, tena kwa sauti benchi zima lisikie, "nyumba ukishaona mlango wake mzima, unabomoa ukuta kutafuta nini?"

Benchi likacheka. Mzee mmoja akapiga goti kwa kicheko. Nikafunga kanga yangu vizuri nikaondoka nimenyoosha shingo, nina kazi Mwenge inanisubiri, siyo ya kukaa kutwa macho yamelowa matone sioni mbele. Wale waliocheka sijui leo wako wapi. Jicho langu la kulia ndilo ninalojua lilikokwenda.

Maana vidole, Zainabu, vilinificha. Mtu anayefanya kazi kwa macho, macho yakipungua kazi inamshitaki. Mshonaji atajichoma, dereva atagonga. Mie kazi yangu ilikuwa inatoka laini vilevile. Nilikuwa najipima kwa kidole, nakiona kizima, nasema mwili wangu wote mzima. Hata sahani nilijua imetakata kwa kuigusa. Noti nilizijua kwa kuzipapasa. Nilikuwa naingia upofuni taratibu, najisifu njia nzima.

Sasa mpingo, kama hujui, siyo mweusi wote. Pembeni karibu na gome una nyama nyeupe. Mchongaji mjinga anaitupa, mchongaji fundi anaitumia. Mzee Nambole alichonga mama amebeba mtoto, akapiga hesabu zake mpaka ule weupe ukaangukia kichwani tu, ukawa kilemba. Kitu kizuri, hakuwahi kuchonga kizuri kama kile. Akanipa nikisugue. Nikasugua, nikapaka dawa nyeusi, nikampelekea kimefungwa kwenye kaniki hii hii. Akakifungua. Akakigeuza juani, akakitazama kichwani.

"Mama Halima," akasema, "huyu nilimvika kilemba cha arusi. Wewe umemvika cha msiba."

Nilikuwa nimempaka weusi kichwa kizima. Kidole kinajua laini na kikwaruzi. Rangi hakiijui.

"Hukuniambia," nikamwambia.

"Cheupe juu ya cheusi, nikwambie nini?"

"Ulinipa gizani."

"Saa nne asubuhi, dada? Hapa jua linatuchoma wote." Halafu akashusha sauti, wala hakunicheka, na lau angenicheka ningemwelewa. "Kapime macho, Mama Halima."

"Kapime wewe kichwa!" nikamwambia. Nikachukua msasa wangu na kaniki yangu, nikaondoka, na sikurudi. Nikawaambia watu Nambole kanidhulumu. Wewe mwenyewe ulikua ukisikia hivyo, ukawa humwamkii yule mzee tukikutana naye. Leo nakwambia hakunidhulumu. Ukimkuta popote, mpe shikamoo yake, na zile zote ulizomnyima.

Nikakaa nyumbani nimenuna. Ndipo ikaja siku ya buibui, na hiyo unaikumbuka, japo hatujawahi kuizungumza tukaimaliza.

Ulikuwa mdogo, meno ya mbele huna. Niliamka asubuhi nikaona nyuzi nyeusi zinaning'inia mbele ya dirisha, kama masizi ya jikoni. Nikakuita. "Zainabu! Nyumba imekuwa pango hii? Toa buibui hao!" Ukafunga ufagio kwenye mti, ukapanda kigoda, ukafagia.

"Nimetoa, bibi."

"Hujatoa. Yule pale."

"Wapi?"

"Pale! Kwenye kona!"

Ukaburuta kigoda, ukafagia kona.

"Umemsogeza tu! Sasa yuko mlangoni. Mtoto mvivu wewe, umerithi kwa nani?"

Ulifagia nyumba nzima, mate yamekukauka, vumbi limekujaa kichwani, na mie nimekaa kitandani nakuelekeza kama jemadari. Mwisho ukashuka kwenye kigoda, ukanitazama usoni, ukaniuliza hivi, na mpaka leo nasikia kithembe chako cha mapengo: "Bibi, mbona hao buibui wanakufuata wewe?"

Nikageuza kichwa kushoto, wakaja kushoto. Nikatazama juu, wakapanda. Nikaziba jicho la kulia kwa kiganja, dirisha likawa safi, hakuna uzi hata mmoja. Nikaziba la kushoto, na hapo, mjukuu wangu, nilikuona wewe umesimama mbele yangu na ufagio, lakini uso huna. Palikuwa na masizi mahali pa uso wako.

Sikulia. Nilikwambia kaoge.

Hospitali daktari alikuwa binti mdogo, sauti kama ya mtoto wa shule, nikajua huyu nitamweza. Hakuwezekana. Akaniweka matone niliyoyakataa siku zote, mboni zikafunguka, akaniegemeza kidevu kwenye mashine, akatazama muda mrefu. Halafu akaniambia mishipa midogo ya nyuma ya jicho ilikuwa inavuja, na haikuanza jana wala juzi. Nyuzi nilizoziona ni damu iliyomwagika ndani ya jicho.

"Mbona haikuniuma?" nikamuuliza, tena kwa ukali, kama yeye ndiye kavujisha.

"Haiumi, mama. Ndiyo ubaya wake."

"Na mbona E nilizisoma zote?"

"Mahali pa kusomea palikuwa bado hapajaguswa. Kulikoharibika hukutumii kusomea. Ndiyo maana tunaweka matone, tutazame kote."

Nikakumbuka vinyago. Kuna miti mingine, siyo mpingo, wajanja huipaka weusi wakakuuzia kama mpingo. Ukiishika laini, inang'aa, kumbe ndani imebunguliwa, wadudu wameshakula njia zao. Utasugua mpaka kesho, kidole hakitakwambia. Utajua siku inapokuvunjikia mkononi. Mie nilikuwa hodari wa kuwakamata wale wajanja, naupiga mti kwa ukucha nasikiliza. Jicho langu mwenyewe sikulipiga ukucha.

Jicho la kulia wakasema nimechelewa, wamefanya waliloweza, limebaki la kuona mchana na usiku tu. La kushoto nalo lilishaanza kuvuja. Hilo wakalichoma kwa mwanga wa leza. Kunachoma choma, siwezi kukudanganya, unaona taa zinapiga kama radi ya kijani, unatamani kumpiga mtu kibao. Nilivumilia. Daktari aliniambia mapema, leza hairudishi kilichokwenda, inashika kilichobaki. Na hiki kilichobaki ndicho kinachokuandikia barua hii. Kila mstari unaousoma hapa, ujue ungekuwa haupo kama ningekaidi mwaka mmoja zaidi.

Mzee Nambole alikuja kunitazama. Alikunywa chai, akaniuliza hali, akaondoka. Hakusema "nilikwambia." Mie ningesema. Ndiyo maana namheshimu.

Halafu ukaugua wewe. Mwaka uliovunja ungo, ukakonda, ukawa unakunywa maji kama mtu wa jangwani, ukanizimikia hapo hapo mlangoni. Walipotuambia ni kisukari, watu wakasema bibi kamrithisha. Daktari akasema cha kwako ni aina nyingine, siyo kama changu. Mie sikuwasikiliza wao wala yeye. Nilikuwa nawaza uso wako wenye masizi. Nikaapa huyu hatapita njia ile ile hali nimeshalijua shimo lake lilipo.

Ulipofika wakati waliosema uanze kupimwa, tukawa tunakwenda wote wawili siku moja. Unakumbuka mara ya kwanza? Tulitoka nje mboni zimefunguka kama za paka, jua likatupiga, tukasimama getini kama vipofu wawili wanaogombania fimbo. Ukasema, "Bibi, sioni hata vidole vyangu." Nikasema, "Mie mwenzio naona majirani wote wamekuwa wazuri." Tukacheka. Nikatoa kaniki kwenye kikapu, nikatufunika vichwa vyote viwili, nyeusi vile, jua halipenyi, tukatembea tumeshikana viuno, mama mmoja wa mihogo akatupigia vigelegele, "Mwali na somo wake hao!" Ulikasirika, ulikuwa umri wa kuona haya. Mie siku ile nilikuwa na raha ambayo mpaka leo sijaipata nyingine. Ulikuwa umeambiwa mazima. Nilikuwa nimeambiwa limeshika. Tulikuwa hatuoni kitu, na nilijua tutaona.

Sasa nikwambie nilijuaje. Mwezi uliopita uliporudi, ulikaa pale ulipopenda, ukatoa simu, ukasoma ujumbe wa chuo, ukanisomea haraka haraka, unatabasamu. Jua linakupiga usoni hata hukufumba. Nikasogea kukuletea maji, nikakutazama. Mboni zako zilikuwa ndogo kama mbegu za mchicha. Mtu aliyetoka kwenye matone, Zainabu, hasomi simu. Jicho moja ninalo, lakini hilo nalijua.

Halafu jioni ukanionyesha bango la duka kule chini ya mlima, ukalisoma herufi kwa herufi, ukasema, "Unaona bibi, macho yangu mazima." Ndipo nikaogopa. Yale yalikuwa maneno yangu ya kliniki, na bango lile lilikuwa E zangu.

Sikuulizi kwa nini hukwenda. Kama ni uvivu nitakuchapa hata ukiwa mwalimu. Lakini nadhani siyo uvivu. Nadhani uliogopa wakikutia dosari kabla ya safari, chuo kitakupita, na utabaki hapa Goba kunishika mkono mie mzee. Kama ni hivyo, sikiliza. Ukiambiwa kitu kinaanza, umeambiwa kingali kidogo. Binti yule daktari aliniambia wanaokuja mapema wengi wao wanaendelea na mambo yao, wanafunzi wanasoma, mafundi wanashona. Tunaobaki barazani ni sie tuliokuwa na majibu mazuri ya kuchekesha benchi. Chuo hakitakukimbia kwa sababu ya matone. Na mie sihitaji wa kunishika mkono. Nina fimbo, na nina mdomo.

Siku moja utataka kuolewa, uzae. Ukishika mimba, usingoje ionekane. Kawaambie wa macho mapema, maana mimba kwa mwenye sukari huyakimbiza mambo ya jicho. Hilo sikulitoa kichwani, niliuliza kwa niaba yako, daktari akacheka, akasema, "Bibi, mjukuu hata hajamaliza shule." Nikamwambia mie napanga mapema siku hizi, nimefunzwa.

Kwa hiyo huko Mbeya, kabla hujajua soko liko wapi na nani anauza parachichi rahisi, uliza wanapopima macho ni wapi. Siyo miwani, siyo kusoma ukuta. Ya matone, ya kutazama nyuma. Usiende siku ya mtihani. Tafuta mwenzako akushike mkono kuvuka barabara, na ukishatoka nje jifunike kaniki hii. Itanuka dawa ya viatu kidogo. Wakikucheka, waambie bibi yako alikuwa na jina Mwenge.

Na usinipigie simu kuniambia umekwenda. Sikuamini tena, na kuaminiwa utakupata upya kwa kazi. Nipigie ile simu ya picha, kwenye simu ya Mama Neema, siku hiyo hiyo, kabla mboni hazijarudi. Sogeza uso karibu. Mie nami siku zangu za kliniki nitafanya hivyo hivyo, nitakwenda peke yangu, nitakuonyesha hili la kushoto limefunguka kama taa, unigombeze kama halijafunguka.

Ukiona nimekaa kimya kwenye simu, usidhani mtandao umekatika. Nitakuwa nakutazama uso.

Bibi yako, mke mwenzako,
Mama Halima, mwenye vidole